Gemu limegoma kufunguka kwenye PC? Usikimbilie kupiga Windows upya, anzia hapa

Unadabokliki ikoni ya gemu, kale kaduara kanazunguka kidogo, alafu kimya. Hamna skrini nyeusi, hamna meseji, hamna kitu. Au kinatokea kiboksi chenye namba ndefu na batani ya OK, unabonyeza OK, kinapotea na habari imeishia hapo. Hapo wengi wanabeba mashine wanapeleka kwa fundi, fundi anaangalia dakika mbili anasema hii tupige Windows upya, unatoa hela, unarudi nyumbani na gemu bado limegoma, tena saa nyingine unakuta hata yale yaliyokuwa yanafunguka vizuri nayo yamegoma.

Inaniuma sana hii kitu mana mtu anapoteza hela, anapoteza picha zake na kazi zake, kwa tatizo ambalo mara nyingi lingeisha bila kugusa Windows kabisa. Windows mpya ni tupu jamani. Mpaka ipate intaneti haina draiva halisi (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) ya kadi yako ya grafiki, haina yale mafaili ya Visual C++ ambayo magemu yako yaliyainstoli zamani kimyakimya, haina mafaili ya zamani ya DirectX, ambayo magemu huyatumia kuchora picha na kutoa sauti. Sasa ukiipiga upya bila kujua gemu lilikuwa linalalamikia nini unakuwa umeongeza sababu za kugoma. Sikatai, kuna siku Windows yenyewe imeharibika kweli na hamna namna, ila hiyo ni hatua ya mwisho kabisa.

Kwa hiyo cha kwanza tujue gemu linasema nini. Hata lile linalokufa kimya kuna mahali linaacha maandishi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Event Viewer, ifungue, upande wa kushoto fungua Windows Logs alafu bonyeza Application. Itakuja listi ndefu na utaona alama nyekundu nyingi tu, usiogope, kila kompyuta iko hivyo. Wewe lifungue gemu mpaka ligome, angalia saa, rudi kwenye ile listi ubonyeze F5, alafu tafuta mstari wa Error wenye muda uleule ambao kwenye Source umeandikwa Application Error. Ukiubonyeza, maelezo yanatokea kwa chini. Humo ya kusoma ni mistari mitatu. Faulting application name ni jina la programu iliyokufa, hakikisha ni gemu lako kweli. Faulting module name ni faili ambalo lilikuwa linafanya kazi wakati gemu linakufa, mara nyingi ni dll, yaani kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingine. Exception code ni ile namba ambayo mara nyingi inaanza na 0xc.

Hiyo module ndo inakupa mwanga. Ukikuta jina linaanza na igd, kwa mfano igd10iumd64.dll, hiyo ni draiva ya grafiki ya Intel. nvwgf2umx.dll ni ya NVIDIA. atidxx64.dll ni ya AMD. Ukikuta RTSSHooks64.dll basi anayesumbua ni RivaTuner, ile inayokuja pamoja na MSI Afterburner kwa ajili ya kuonyesha FPS (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye kona, ifunge kabisa alafu jaribu tena. Ukikuta ntdll.dll au KERNELBASE.dll usihangaike nayo, hayo ni mafaili ya Windows yenyewe na mara nyingi yanatajwa kwa sababu ajali imetokea yakiwa kazini, chanzo kiko sehemu nyingine. Nakuomba sana usiende mtandaoni kutafuta ntdll.dll ya kudaunlodi.

Na hapo kwenye kudaunlodi dll nataka nikae kidogo mana ndo watu wengi wanapojiharibia. Kompyuta inakwambia MSVCP140.dll haipo, au VCRUNTIME140.dll haipo, mtu anaandika hilo jina Google, anapata saiti inayogawa dll mojamoja, anachukua moja anaitupia System32. Gemu linagoma tena, safari hii na meseji nyingine, inasema application was unable to start correctly, 0xc000007b. Hiyo namba maana yake Windows imekuta faili la aina isiyotakiwa, na mara nyingi kabisa ni 32-bit na 64-bit zimechanganywa. Kwenye Windows ya 64-bit, folda ya System32 ndo inakaa mafaili ya 64-bit, na SysWOW64 ndo inakaa ya 32-bit, majina yamekaa kinyume na mtu anavyotegemea, kwa hiyo anayetupia kwa kubahatisha anakosea kirahisi sana. Na hujui ndani ya hiyo dll kuna nini kingine kimewekwa.

Dawa yake ni Visual C++ Redistributable kutoka Microsoft wenyewe, ni bure. Hayo mafaili yenye 140 yanatoka kwenye ile inayoanzia 2015 kwenda mbele, zote ziko kwenye pakiti moja. Chukua zote mbili, ya x86 na ya x64, hata kama kompyuta yako ni 64-bit, mana gemu lenyewe linaweza kuwa la 32-bit. Haifiki hata MB 30 kwa moja. Kama ulishatupia dll zako kule System32 zitoe kwanza, alafu instoli, alafu restati.

Kama inayokosekana ni d3dx9_43.dll, xinput1_3.dll au X3DAudio1_7.dll, hiyo ni DirectX ya zamani. Unaweza kushangaa mbona una DirectX 12, lakini DirectX 12 ya Windows haiji na hayo mafaili ya zamani, yanatakiwa yainstoliwe yenyewe kutoka kwenye pakiti ya Microsoft ya June 2010, kama MB 95 hivi. Kabla hujatumia bando angalia kwanza kwenye folda la gemu lako, magemu mengi yanakuja na folda linaitwa _CommonRedist au Redist, humo unakuta DirectX na Visual C++ zimewekwa tayari. Kwa Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, ingia steamapps, common, alafu Steamworks Shared. Endesha zile setapu zilizomo humo na hujatumia hata MB moja. mfplat.dll yenyewe ni kesi nyingine, hiyo inakosekana kwenye Windows za toleo la N, nenda Settings kwenye Optional features uongeze Media Feature Pack.

Sasa tuje kwenye grafiki. Huku kwetu mashine nyingi ni zile zilizotoka maofisini Ulaya, Dell OptiPlex, HP EliteBook, ThinkPad, mashine imara sana, ila muuzaji anakwambia tu ni i5, ramu 8, inapiga gemu lolote. i5 ya kizazi gani? Hilo ndo swali. Bonyeza Windows na R, andika dxdiag, Enter. Ukurasa wa kwanza utaona imeandikwa DirectX Version: DirectX 12. Huo mstari umewapoteza wengi, hapo inazungumzia Windows, kadi yako bado hujaiona. Nenda kwenye tabu ya Display, tafuta mstari wa Feature Levels, soma namba ya kwanza. Ikiwa 10_1 basi gemu lolote linalodai kadi ya DirectX 11 (kiwango cha 11_0) halitafunguka hapo, hata ufanye nini, hamna setingi wala draiva itakayobadilisha.

Mfano mzuri ni ThinkPad T420 na T430. Ukiziweka pamoja zinafanana karibu kila kitu, lakini T420 ni kizazi cha 2 yenye Intel HD 3000, inaishia 10_1, na T430 ni kizazi cha 3 yenye HD 4000, inafika 11_0. HP ni hivyohivyo, EliteBook 8460p na 8470p. Kwa hiyo Counter-Strike 2 ambayo inataka DirectX 11 kwenye T420 haifunguki, na kwenye T430 inafunguka ingawa utacheza kwa shida, FPS ziko chini. Kama unataka kununua mashine kwa ajili ya magemu, muombe muuzaji akufungulie dxdiag palepale dukani kabla hujatoa hela, muuzaji mzuri hakatai.

Kwenye hiyohiyo tabu ya Display angalia na Name. Ikiwa imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter tatizo umeshalipata, hauna draiva ya grafiki kabisa, Windows inatumia ya kubabaishia tu ili uone skrini. Hii unaikuta sana kwenye mashine zilizotoka kupigwa Windows bila intaneti. Ile meseji ya magemu ya Unreal inayosema DX11 feature level 10.0 is required to run the engine nayo mara nyingi chanzo chake ni hiki, kwa hiyo kabla hujailaumu kadi kaangalie draiva. Chukua kwenye saiti ya Dell, HP au Lenovo kwa modeli yako, au kwa Intel, NVIDIA na AMD wenyewe. Zile programu zinazosema zinaapdeti draiva zote kwa kubonyeza mara moja achana nazo.

Wenye Intel ya kizazi cha 4 kuna jambo lenu peke yenu. Intel waliitoa DirectX 12 kwenye grafiki za kizazi hicho kuanzia draiva 15.40.44.5107, kwa sababu ya tundu la kiusalama. Ndo mana unaweza ukaapdeti draiva na gemu lililokuwa linafunguka likagoma. Usirudishe draiva ya zamani yenye tundu, jaribu kuliambia gemu litumie DirectX 11, kwenye Steam raitikliki gemu, Properties, General, kwenye kiboksi cha Launch Options andika -dx11. Sio kila gemu linakubali ila mengi ya Unreal yanakubali.

Kama laptopu ina kadi mbili, ya Intel na ya NVIDIA au AMD, nenda Settings, System, Display, Graphics, ongeza gemu lako uchague High performance. Na wenye deskitopu walioongeza kadi, geuza mashine angalia nyuma, waya wa skrini uwe umechomekwa kwenye kadi yenyewe kule chini, sio kwenye tundu la mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Ni jambo dogo ila naliona sana.

Prosesa nayo inaweza kukataa. Ukikuta Exception code ni 0xc000001d, hiyo ni amri ambayo prosesa haiijui, na mara nyingi ni ya AVX, kundi la amri ambazo prosesa za zamani hazina. Core i za kizazi cha 1 hazina AVX, na Pentium na Celeron nyingi za miaka iliyofuata nazo hazina hata kama zinaonekana mpya kuliko i5 ya zamani. Hapo hamna dawa zaidi ya kubadilisha prosesa.

Haya, mafaili kuharibika. Umeme umekatika gemu likiwa linaapdeti, au diski imejaa katikati, au bando limeisha ukamalizia kesho yake, faili moja limekaa vibaya na gemu zima linagoma. Usilifute uanze upya. Gemu la GB 60 kulidaunlodi tena ni hela nyingi sana kwa mtu anayenunua bando. Kwenye Steam raitikliki gemu, Properties, Installed Files, Verify integrity of game files. Itapitia mafaili yaliyopo kwenye diski yako na itadaunlodi yale mabovu peke yake, saa nyingine ni MB chache tu. Epic, duka lingine la magemu, nayo inayo, bonyeza vidoti vitatu pembeni ya gemu, Manage, Verify.

Na kama rafiki yako analo gemu hilohilo na wewe umeshalinunua au ni la bure, mwambie akukopie lile folda la gemu lililopo ndani ya steamapps kisha common. Liweke kwenye common ya kwako, jina lisibadilike hata herufi, alafu kwenye Steam bonyeza Install. Steam italikuta, italikagua, itadaunlodi kilichopungua. Angalia flashi tu, kama imefomatiwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na magemu ya siku hizi yana mafaili makubwa kuliko hapo. Mtu anakopi, linafika faili kubwa linakataa, anabonyeza Skip, anaenda nyumbani na gemu lenye pengo. Ifomati iwe exFAT au NTFS, ila toa vitu vyako kwanza mana kufomati kunafuta vyote.

Magemu ya kukopiwa kwa fundi kwa buku mbili tatu hapa nitaongea wazi. Siwezi kukusaidia nayo na sio kwamba nakubania. Hayo yamechezewa mafaili, antivairasi inayaona inayaondoa, gemu linagoma, unaambiwa zima antivairasi, na hapo umefungua mlango bila kujua nani anaingia, kwenye kompyuta ambayo labda dada yako anaitumia kufanyia kazi za chuo na kuingia benki. eFootball ni bure, Counter-Strike 2 ni bure, Dota 2 ni bure, Rocket League ni bure, na mengi ya kununua yanashuka bei sana wakati wa sale. Ila antivairasi inaweza kukosea hata kwa gemu halali, kwa hiyo ingia Windows Security, Protection history, ukiona faili la gemu ulilolipata Steam au Epic limefungiwa lirudishe alafu verify. Humohumo kuna kitu kinaitwa Controlled folder access, kama kiliwashwa kinazuia magemu kuandika kwenye Documents na magemu mengi yanagoma kwa sababu hiyo, liongeze gemu kwenye orodha ya yanayoruhusiwa.

Sasa hili watu hawalifikirii kabisa, saa. Kama Steam au lancha nyingine (programu ya kufungulia magemu) inasema haipati mtandao wakati brauza nayo inakuletea onyo la usalama kila saiti, angalia tarehe ya kompyuta. Kwenye mashine za zamani kile kibetri cha duara cha CR2032 kwenye mazabodi kinakuwa kimekufa, ukichomoa umeme tarehe inarudi miaka ya nyuma, na ikirudi nyuma vyeti vya usalama vya mtandao vinaonekana havijaanza kutumika, basi lancha inakataa kuunganisha na gemu halifunguki. Rekebisha tarehe, alafu kanunue kibetri, bei yake ni ndogo na mafundi saa wengi wanacho. Baada ya kukibadilisha ingia BIOS (menyu ya setingi inayofunguka kabla Windows haijawaka) uangalie setingi, mana betri ikifa nazo huwa zinajirudisha za kiwandani.

Magemu ya zamani yana yake. GTA San Andreas iliyokuwa inafunguka vizuri ikagoma ghafla, hasa baada ya kubadilisha skrini au kadi, ingia Documents, GTA San Andreas User Files, futa faili moja tu linaitwa gta_sa.set. Hilo ni la setingi, gemu litatengeneza jipya. Usifute folda zima mana sevu zako ziko humohumo, zile zinazoanza na GTASAsf. Na kama una magemu ya CD ya miaka ya 2000 yenye ulinzi wa SafeDisc, hayo Windows 10 na 11 haziyafungui, Microsoft waliitoa draiva yake tangu 2015, katafute toleo la kidijitali la gemu hilohilo. Mengine yanataka DirectPlay, kipande cha zamani cha DirectX, andika Turn Windows features on or off, fungua Legacy Components, weka tiki.

Wenye ramu 4 au 8, kama gemu linakufa wakati wa kulodi likisema out of memory, angalia kama hukuzima paging file (sehemu ya diski inayosaidia ramu) kwa kufuata zile video za kuongeza FPS. Andika View advanced system settings, Performance Settings, Advanced, Virtual memory, rudisha tiki ya Automatically manage, na acha nafasi ya kutosha kwenye C.

Mlio kwenye Windows 7 na 8, Steam waliacha kuzisapoti tarehe 1 Januari 2024, hapo hata tukitafuta nini tutapoteza muda, pandeni Windows 10 ya 64-bit au 11 kama mashine inakubali. Na Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vitu viwili vya usalama wa kompyuta, ndo zile erori za VAN9001 na VAN9003. Vyote vinawashwa BIOS, ila kama Windows iliinstoliwa kwa Legacy (njia ya zamani ya kuwasha mashine), ukibadilisha kwenda UEFI (njia mpya) kabla ya kugeuza diski kuwa GPT (mpangilio wa diski unaotakiwa na UEFI) kompyuta haitawaka kwenye Windows, kwa hiyo hiyo kazi ifanye ukiwa na bakapu ya vitu vyako na mtu anayeijua pembeni.

Ukipita kote huko na bado limegoma, uliza watu, lakini usiandike tu gemu langu halifunguki msaada tafadhali, mana hapo tutabaki kukuuliza maswali siku mbili. Kwenye dxdiag chini kuna batani ya Save All Information, inakutengenezea faili la maandishi lenye prosesa, ramu, kadi, draiva na Windows yako, lipitie kwanza ufute jina la kompyuta na chochote usichotaka watu waone. Ongeza jina la gemu na umelipata wapi, ile mistari mitatu ya Event Viewer, na kitu cha mwisho ulichobadilisha kabla halijaanza kugoma, hata kama unaona hakihusiani.